Jino la Tatu

Meno yangu mawili ya mbele ya chini yaling'olewa nikiwa na miaka kama kumi, kijijini kwetu upande wa Kibakwe. Ndiyo ilikuwa mila. Shangazi zangu wawili walinishika mikono na miguu, mzee wa kazi hiyo akaingiza chuma chake, na baada ya hapo mama ndiye aliyeniuguza fizi. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni penye mwanga, akabonyeza kwa kidole chake kidogo. Palipobonyea, nilikunywa uji. Siku paliposhupaa, nilirudishiwa ugali.

Pengo hilo halikunisumbua hadi shirika nililolifanyia kazi Dodoma mjini lilipouzwa kwa mtu binafsi, tukapunguzwa. Hoteli mpya ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi. Mwenye hoteli alinisikiliza, kisha akanitazama mdomoni.

“Dada, kazi unaiweza,” akasema. “Lakini wageni wa siku hizi hawataki kupokewa na pengo. Nakupa wiki mbili, rudi na meno.”

Ningemzaba kibao. Badala yake nilimwambia ahsante, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Daktari wa meno alikuwa amefungua zahanati yake binafsi karibu na soko. Alisema jino la pembeni limelalia pengo, lazima litoke ndipo meno ya bandia yakae. Jino lenyewe lilikuwa zima kabisa. Nilimwuliza kama tusingengoja fizi ipone kwanza.

“Itaponea humohumo chini ya meno,” akasema, huku anatazama saa.

Mimi, niliyeuguzwa kwa kidole cha mama, nikafumbua kinywa.

Haikuponea humo hata kidogo. Kila nilipotabasamu pale mapokezini, ile plastiki ya meno ya bandia ilikata nyama mbichi, nikawa nameza damu huku nasema karibu. Fizi ilipokuja kukaza, miezi imepita, ilikuwa imenywea na meno yakawa yanacheza. Siku moja namwonyesha mgeni mahali pa kutia sahihi, yakadondoka juu ya kitabu cha wageni. Mwenye hoteli hakungoja hata mwisho wa wiki kunifukuza. Daktari naye, bila haya, akaniambia kuwa fizi hunywea jino likishang'olewa, ndivyo ilivyo, kwa hiyo nitengeneze mengine. Kumbe alijua! Mshenzi yule alijua tangu siku ya kwanza.

Nilifika kwa mama nikifoka. Hata shikamoo niliitoa nusunusu. Nilimtukana daktari, nikamtukana mwenye hoteli, nikawalaani na wale shangazi walionianzishia pengo. Mama aliniacha nimalize. Kisha akanivuta mlangoni, akabonyeza fizi kwa kidole kilekile. Ilikuwa imeshupaa. Akapitisha ukucha juu ya pengo, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

“Haya mawili walikushika,” akasema. “Hili la tatu, nani alikushika?”