Uzi wa Mzee wa Ramani

Yule mzee wa ramani, niliyekaa naye chumba kimoja ofisini, hakuwa na imani na rula. Njia za wapanda milima zimejipinda kama utumbo, alisema, na rula haijui kona. Yeye alikuwa akilowesha uzi mweusi kwa mate, anaulaza juu ya ramani kona baada ya kona, akiubana kwa kucha ya dole gumba, kisha anaunyoosha na kuupima. Halafu anarudia. Ukimwambia, "Mzee, andika tu kilomita sita," anakujibu bila kuinua kichwa: "Sita kasoro robo, mwanangu. Hiyo robo utaniongezea wewe?" Tunacheka, naye anaendelea kulamba uzi wake.

Siku moja ya mvua aliingia mama mmoja, viatu vimejaa tope. Mwanawe alikuwa amekutwa njiani, amekufa kwa baridi, akielekea kwenye kibanda cha wapanda milima. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mwanawe alikuwa amebakiza mwendo kiasi gani kukifikia. Akaonyesha kwenye ramani pale alipokutwa, mzee akalaza uzi hadi kibandani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona. Haukuzidi upana wa kucha. Hatua mia mbili, pengine. Akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Kilomita nne na ushei, mama," alisema. "Asingefika. Hakuna ambaye angefika."

Mama akashusha pumzi, akashukuru, akatoka. Tulipofunga ofisi jioni, kidole cha mzee kilikuwa bado kimeubana uzi pale pale.