Kichwa cha Ngolo

Ilianza Jumapili ya mwisho mbele ya Noeli, saa tisa kamili ya mchana. Tulikuwa tumerudi kutoka misa, tumekula, sahani bado ziko chini, na tonton, ndugu ya papa, akavuta kiti chake barazani akasema: "Bon. Tugawe sufuria."

Nyumbani kwetu Noeli haianzi na nyimbo. Inaanza na kugawa sufuria. Watu wazima wanakaa, kila mmoja anapewa chakula atakachopika, mbele ya wote, asije akasema kesho kwamba hakusikia. Nani atatwanga ndizi za lituma, nani atapika pondu ya majani ya muhogo, nani atachinja kuku, nani atakwenda kutafuta kwanga, ile mikate ya muhogo, kwa wamama wa ng'ambo ya mto. Lakini sufuria kubwa, ile watu wanayoingojea, ni samaki wa liboke, samaki anayefungwa ndani ya majani na kuiva polepole juu ya makala, makaa ya moto. Samaki haigawiwi. Ina sheria yake, ilitoka Yanonge, kijiji cha mtoni, pamoja na familia ya mama yangu: anayekula kichwa Noeli hii, ndiye atapika samaki Noeli ijayo.

Na kichwa anakitoa mpishi. Anafungua liboke ya kwanza mbele ya meza, anachukua kichwa kwa mkono, anamwekea mtu anayemtaka. Huyo mtu anakula mpaka mwisho, mashavu, macho, yote, na hasemi neno mpaka amalize, kwa sababu kichwa cha samaki na maneno havikai kinywani pamoja. Mfupa utakukwama. Wengine wote wanaruhusiwa kusema. Hapo ndipo watu wanamtania, wanamkumbusha makosa yake ya mwaka mzima, na yeye anatafuna tu.

Mama alikuwa anajiwekea kichwa mwenyewe kila mwaka. Papa anauliza, "Na sisi?" Mama hawezi kujibu, kinywa kimejaa, anaonyesha jiko kwa kidole: nendeni mjifunze. Noeli yake ya mwisho alikuwa amekonda, akiinua mkono bangili zinateremka mpaka kwenye kiwiko. Kichwa akakiweka kwenye sahani yangu. Nilikula nikilia, na pilipili ikanisaidia kuwadanganya watu.

Donc, kwa sheria, samaki ilikuwa yangu.

Noeli iliyofuata, tunagawa sufuria, mama hayuko. Ma tante, mke wa tonton, aligeuka akaniuliza mbele ya watu wote: "We mutoto, utaweza kweli kupika samaki ya watu hawa wote?" Nilikuwa na jibu. Lilikuwa hapa, kwenye koo. Lakini kwangu maneno yanafika mlangoni, yanaona watu, yanarudi ndani. Nikatazama miguu yangu.

"Bon," ma tante akasema. "Bubu hapiki."

Watu wakacheka. Walikuwa wamechoka kulia, walihitaji kucheka kitu, na kitu hicho kikawa mimi. Tangu siku ile ninaitwa Bubu. Watoto wa uani wananiita Bubu. Hata papa, siku moja mvua ilipoanza ghafla, aliniita, "Bubu, anua nguo!" halafu akabaki amesimama mlangoni, hakunitazama tena mpaka jioni.

Samaki ya mwaka ule ma tante aliipikia ndani ya karatasi ya aluminiamu. Kwao Butembo kuna viazi vizuri, sikatai, lakini mto hakuna. Samaki yake ilitoka nyeupe kama mtu aliyetoka hospitali. Kichwa akampa tonton. Tonton hawezi hata kuchemsha chai, kwa hiyo sufuria ilibaki palepale, mikononi mwa mke wake.

Sasa, Jumapili hii ya mwaka wa pili, nilikuwa nimejitayarisha. Wiki nzima, nikichota maji, nilirudia sentensi moja: Samaki ni yangu, mama alinipa kichwa. Pale bombani niliisema vizuri sana. Ndoo ilinisikia.

Ma tante akaanza. "Mwaka huu tufanye kama watu. Tufanye menu. Kwanza salade na mayai, halafu kuku, halafu samaki, halafu gâteau, keki kubwa."

"Na lituma?" papa akauliza.

"Lituma iko nzito, beau-frère. Watu wanakula, wanalala."

"Si Noeli ni ya kulala?" tonton akasema. "Bila lituma mi naenda kula kwa jirani."

"Enda! Jirani atakurudisha kabla ya gâteau."

Wakacheka, na lituma ikaokoka. Kisha papa akasema polepole, anatazama chini kama mimi, kwa maana mimi nimetoka kwake: "Na samaki, mwaka huu, iwe ya majani."

"Itakuwa ya majani. Nani alisema mi siwezi majani?"

Nikafungua kinywa. Naapa nilifungua. Ma tante akaniona, akawahi: "Na Bubu ataosha sahani. Si ndiyo, Bubu? Kazi bila maneno."

Nikafunga.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatwanga pondu ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Nilitwanga mpaka majani yakawa maji. Sitasema kwamba nilitaka haki, haki nilimwachia padri. Nilitaka nimwone ma tante amekaa mbele ya watu bila neno, anatafuta mahali pa kuweka macho, anaona sahani yake tu. Hiyo nilimwomba Mungu kila usiku mpaka mkesha wa Noeli, na sikuona haya.

Mkesha mchana akafika koko, baba ya mama, kwa mashua kutoka Yanonge. Alileta karai kubwa la ngolo wazima, wale kambare weusi, wanapiga mikia ndani ya maji, na ma tante akalipokea kwa vigelegele. Mimi koko alinivuta kando, akanionyesha ndoo ndogo. Ndani kulikuwa na ngolo mmoja, kichwa kipana kama kiganja cha mwanaume, ndevu ndefu.

"Hii iko yako. Mama yako alikuwa anachagua ya ndevu ndefu." Halafu akauliza: "Sufuria unayo?"

Nikatikisa kichwa.

"Nani anayo?"

Nikaonyesha kwa midomo upande wa ma tante.

"Ah," koko akasema. "Na wewe hukusema." Hakuuliza, alisema tu, na hilo liliniuma kuliko jina.

Asubuhi ya Noeli ma tante alitandaza majani yake uani. Hapa lazima nieleze, kwa sababu kila kitu kilitokea hapa. Jani la liboke ni pana na linang'aa, na lina mshipa mgumu katikati. Kabla ya kufunga samaki unachonga ule mshipa kwa kisu, kisha unalipitisha jani juu ya moto, haraka, huku na huku, mpaka libadilike rangi na kulegea kama kitambaa cha zamani. Hakuna mtu wa mtoni anayefundishwa jambo hili. Unalikuta mikononi mwako. Lakini jani bichi pia linakubali kukunjwa, na ubaya wake ndio huo. Halipasuki mbele yako. Linapasuka baadaye, juu ya makala, chini, usipoona.

Ma tante aliyaosha majani yake mara mbili, yeye ni mtu wa usafi. Aliyafuta moja moja. Akaweka samaki, kitunguu, mawese, chumvi. Akakunja bichi, akafunga kamba.

Nilikuwa nimesimama pale na beseni la sahani. Akainua macho.

"Bubu, unaangalia nini? Uko na kitu ya kuniambia?"

Alisubiri. Siwezi kumnyima hilo, alisubiri kweli, kisu mkononi. Neno lilikuwa moja tu: moto. Na ajabu, siku ile koo halikufunga. Neno lilikuwa limesimama mlangoni, tayari, limevaa viatu. Mimi ndiye niliyelirudisha.

Nikatikisa kichwa. Yeye akafunga liboke ya pili.

Nami nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye jiko dogo. Nikachonga mshipa, nikapitisha majani yangu motoni, yakalegea, yakatoa ile harufu ya kijani ambayo ni harufu ya mikono ya mama. Pilipili nikatia mara mbili. Nilijua inakwenda kinywani mwa nani.

Tulipokaa mezani, salade ilikuwa nzuri, kuku alikuwa mzuri, lituma ilikuwa mviringo na laini. Kisha ma tante akaleta samaki. Majani yalikuwa yamepasuka tumboni, mchuzi wote na mawese vimekwenda kwenye makala, na makala yamejibu kwa miali. Aliyofungua ya kwanza ilikuwa nyeusi nje, kavu ndani. Ya pili vilevile. Papa akaweka uma chini polepole.

"Makala ya leo iko mubaya," ma tante akasema.

"Kwani makala si ndiyo hii tunakula?" tonton akauliza.

Watoto wakaangua kicheko. Ma tante akacheka pia, lakini mkono wake ulitafuta kitambaa cha meza, ukakikunja, ukakikunjua. Niliuona huo mkono. Nikaenda nyuma, nikaleta liboke yangu kwenye sahani ya mama yenye maua.

Nikafungua. Mvuke ukapanda, na meza yote ikageuza vichwa kwa sababu wote waliijua harufu ile. Nikachukua kichwa kwa mkono, mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Papa alisogeza sahani yake. Koko alisogeza yake. Nikawapita wote wawili.

"Ma tante," nikasema, "kichwa iko yako."

Huwezi kukataa kichwa. Ukikikataa, umeikataa nyumba. Alinitazama, akatazama ndevu, akaanza.

Kichwa cha ngolo ni mfupa mtupu juu, kama kofia ya askari. Asiyezaliwa mtoni hajui nyama iko wapi. Alizunguka, akauma pasipo na kitu. Pilipili ikampata. Na watu wakaanza.

"Jamani!" tonton akasema, mikono juu. "Tangu ndoa nilikuwa naomba Mungu kimya kidogo. Leo Yesu amezaliwa kweli!"

"Ma tante, menu inaendelea?" mtoto mmoja akauliza.

"Beau-frère, mwulize bei ya gâteau sasa," tonton akamwambia papa. "Mwulize chochote. Ni leo tu!"

Papa akacheka. Sijui kama mnaelewa: papa alicheka mpaka akashika meza. Ma tante anatafuna, jasho kwenye mdomo wa juu, machozi ya pilipili yanashuka, macho kwenye sahani. Hana mahali pengine pa kuyaweka. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakawa moto.

Alikula chote. Mashavu, macho, yote. Alipomaliza alifuta vidole kimoja kimoja, akanigeukia mimi.

"Uliniona na yale majani."

"Nilikuona."

"Nikakuuliza."

"Uliuliza."

"Na hukusema kitu."

"Ma tante," nikasema, "bubu hasemi."

Papa hakucheka tena. Ma tante aliendelea kunitazama, na sikuona hasira usoni mwake. Ningependa kuiona, ningejua la kufanya.

Ni koko aliyesema, anachokoa meno: "Bon. Mwaka kesho samaki ni yake."

Nilifikiri anasema mimi. Halafu nikaona wote wanamwangalia ma tante, aliyekula kichwa.

Sheria ile niliijua kuliko mtu yeyote pale. Niliisema bombani wiki nzima. Ilikuwa ndiyo silaha yangu yote. Na kwa kutaka kumziba mtu kinywa mara moja, nilichukua sufuria ya mama kwa mkono wangu mwenyewe, mafuta yanatiririka, nikamwekea kwenye sahani. Ma tante ndiye aliyeelewa wa kwanza baada ya koko. Sikumwona akicheka. Alisema tu, "Alors, basi," akanywa maji.

Sahani niliziosha mimi. Liboke yangu ilikuwa imekwisha kabisa, hata majani yalikuwa yamerambwa, na papa alikuja akasimama nyuma yangu akasema, "Ilikuwa yake kabisa," akimaanisha mama, akaenda. Sikulia. Nilisugua masufuria mawili ambayo tayari yalikuwa safi, ninawaza Noeli ijayo na samaki nyeusi mezani kwa jina la mama, na kila mwaka baadaye.

Kesho yake asubuhi nilishuka mtoni kwa wamama wa majani. Mmoja tu alikuwa amefika, alisinzia juu ya mafurushi yake. Nilinunua furushi moja, nikaenda kupiga hodi kwa ma tante.

Alifungua amejifunga kitenge kifuani, uso bado wa usingizi. "Bubu? Noeli ilikuwa jana."

"Nimeleta majani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Akaniangalia, akaangalia furushi. Nilidhani atafunga mlango. Alikwenda kuwasha makala. Sikumsaidia kuwasha. Nilivuta kigoda chake nikakikalia mimi, na yeye akachuchumaa mbele ya moto, akachonga mshipa nilivyomwonyesha, akashika jani la kwanza kwa mikono miwili, akalishusha juu ya makala.

"Hapa?" akauliza.

Sikujibu.

"Bubu, inatosha? Sema basi!"

Nikangoja. Jani likageuka rangi, likalegea, likapita pale pa kulegea, na moshi mwembamba ukatoka ukingoni.

"Imeungua," nikasema. "Leta ingine."