Maji Yaliyoshuka Haraka

Ukinywa maji, unamwamini nani?

Usiharakishe kujibu kwamba ni Mungu. Kabla maji hayajafika kinywani mwako yamepita mkononi mwa mtu, na mtu huyo humjui. Katika zahanati ndogo ya kanisa kule Area 23, Lilongwe, akina mama walimwamini Lwaboshi, fundi viatu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, bila hata kulijua jina lake.

Lwaboshi alizaliwa Kadutu, mjini Bukavu, akafundishwa kazi na mjomba aliyekuwa na msemo mmoja: gundi nyingi ni ya fundi mwongo. Paka kidogo, bana, piga nyundo. Soli alizobandika Lwaboshi zilichakaa zikiwa bado zimeng'ang'ania viatu, na miaka kumi na minne ya kambini haikumpunguzia heshima hiyo. Kwa hiyo mradi mmoja ulipokuja kufundisha utengenezaji wa machujio ya maji, kisha ukaondoka kama miradi inavyoondoka, ni yeye aliyebaki na kazi.

Kazi yenyewe ni kubandika kwa gundi kisahani cha udongo uliochomwa ndani ya kopo la plastiki ngumu. Maji hupenya kwenye udongo, vijidudu hubaki juu. Roho ya chujio iko ukingoni, pale udongo unapokutana na plastiki. Ukingo ukiachia, hata kwa upana wa unywele, maji hupita hapo na uchafu wake wote.

Alitengeneza machujio tisa, akayapeleka kwa Epiphanie, muuguzi Mrundi wa zahanati ile, aliyeruhusiwa kufanya kazi mjini. Kila Jumamosi Epiphanie aliyapika kwa mvuke ndani ya sufuria ya presha, kuua vijidudu vilivyonasa kwenye udongo. Baada ya mwezi alituma ujumbe: "Papa Lwaboshi, machujio yako yanazidi kuwa mazuri. Sasa maji yanashuka haraka kuliko mwanzo." Lwaboshi aliwasomea majirani ujumbe huo mara tatu. Alipotaka kuanza mara ya nne, mkewe Rosette alimwomba aiache simu ipumzike.

Lakini ujumbe ulikuwa umemwingia Rosette pia. Kwa nini watu wa mjini wapate maji ya mbio, na yeye, mke wa fundi, angoje tone kwa tone kwenye chujio la nyumbani? Siku moja mchana akamwita mumewe jikoni.

"Kuja uone! Mi nilipika filtre yako mu cocotte, sawa vile bale ba clinique banafanya. Angalia maji, inakimbia!"

"Ulipika filtre mu cocotte ya maharagi?"

"Nilitoa maharagi kwanza. We unaniona mujinga?"

Lwaboshi alicheka, halafu akayatazama maji tena. Udongo uliokwisha kuchomwa tanuruni hauongezi matundu kwa kupikwa jikoni. Kama maji yanakimbia, yamepata njia nyingine.

Aliazima pampu kwa kijana wa kabaza aliyekuwa akipita na baiskeli yake ya kubeba abiria. Akalizamisha chujio kwenye beseni, akasukuma hewa polepole. Udongo uliolowa haupitishi hewa kirahisi, na kweli katikati hapakutoka kitu. Mapovu yalitoka ukingoni, yamepangana kama shanga.

Akaubandua ukingo kwa kisu cha viatu. Gundi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwalimu wa mradi alikuwa amesema iachwe nene kama ukucha, isibanwe, kwa sababu plastiki hutanuka kwa joto kuliko udongo, na gundi isiyo na unene haiwezi kuvutika, huchanika. Lwaboshi aliitikia kwa adabu, kisha akamfuata mjomba wake. Wakati ule aliyapima machujio yote kwa maji baridi tu, akaridhika.

"Tengeneza zingine," Rosette alisema taratibu. "Upeleke, useme ni cadeau, zawadi kwa kanisa. Nani atajua?"

"Na leo, Mama? Leo batoto ba kule batakunywa nini?"

Alimpigia Epiphanie simu hapo hapo. "Dada, funga koki zote za machujio. Nakuja kukueleza." Bahati njema alikuwa na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, aliyopewa ili akanunue gundi Lilongwe. Mkimbizi hahitaji ruhusa ya kukosea. Ya kwenda kukiri anaihitaji.

Kule zahanatini alipima machujio yote tisa mbele ya Epiphanie. Saba yalitoa mapovu.

"Wiki iliyopita watoto wawili waliharisha," Epiphanie alisema. "Mmoja amepona. Wa pili alipelekwa hospitali kubwa, sijapata habari zake."

Lwaboshi aliliweka chini chujio alilokuwa nalo mkononi.

"Sitakudanganya kwamba ni maji yako, baba. Wala sitakudanganya kwamba siyo. Na mimi, muuguzi mzima, nilishangilia maji ya mbio." Akamsukumia beseni. "Beba haya yote. Uyabandike upya, uyapike mara kumi kabla hujaniletea. Na mapovu nitayatafuta mimi mwenyewe."

Jioni ile Epiphanie alisimama mbele ya akina mama, akawaeleza kwa Kichewa bila kuficha kitu, na akawaonyesha fundi kwa mkono. Maji yatachemshwa tena kama zamani, alisema, ila mkaa uliopo ni kidogo. Lwaboshi alitazama viatu vyake. Akalala kwenye benchi la kanisa.

Asubuhi alikuwa anafunga mfuko wa machujio alipowaona wakija, mmoja mmoja, kila mama na pande la mkaa alilolifunga kwenye pindo la chitenje, kanga yake. Hakuna aliyewaagiza. Walifungua mafundo yao karibu na jiko, wakaweka mkaa chini. Wa mwisho alikuwa mama wa yule mtoto aliyepona, mtoto mwenyewe mgongoni. Lwaboshi alisimama wima, akingoja lawama zake.

Mama akakunja magoti kidogo. "Mwadzuka bwanji?" akamsalimia, kama mtu anavyomwamkia mtu yeyote asubuhi. Kisha akainama, akaanza kupuliza moto.