Mifupa ya Ndege na Posa Yangu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nakwambia mapema ili tusipotezeane muda. Nimeona dhahabu ikitoka udongoni, na aliyeichimba nimemwona akiazima chumvi siku hiyohiyo. Nimeona fisi akikatiza sokoni mchana kweupe, na wauza nyama wakaendelea kubishana bei. Shule niliishia pale mwalimu alipomaliza kujumlisha akaanza kugawanya. Nikaona hayo ya kugawanya hayanihusu. Kujumlisha peke yake ndiko kulikonipa mashine mbili za kusaga, lori, na nyumba ya bati ambayo ukija Maganzo unaiona kabla hujaiona Maganzo yenyewe.

Lakini mara moja, moja tu, nilishangaa. Na kushangaa huko nusura kuninyime mke.

Nilikuwa kijana, nachimba dhahabu Nyarugusu. Sikuwa na kibanda. Nje kidogo ya machimbo palikuwa na uwanja wa nyasi, na pembeni ya uwanja ndege iliyotelekezwa. Mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja mtafuta dhahabu. Bahati ilimkataa, akaondoka kwa lori, ndege akaiacha. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule, mabawa yake mawili mawili, moja juu ya jingine. Nikasema, hii ni nyumba. Nikabeba mkeka wangu.

Sasa kila mtu anajua kwamba ndege ni chuma. Hata mimi nilijua. Nilipofika karibu nikakuta mvua na mbuzi wameivua nguo. Kitambaa kimebaki viraka viraka, na chini ya kitambaa, vijiti! Mbavu nyembamba za mbao, zimepindwa kama za samaki, zimeshikana kwa waya, na kile kitambaa kimeshonewa juu yake kwa uzi, kama godoro. Nilikaa chini. Yaani watu wazima, wenye elimu zao, walikuwa wakienda mawinguni ndani ya shuka!

Masika yote nililala tumboni mwa ndege ile, chali, nikitazama mbavu juu yangu kama mtu aliyemezwa na ng'ombe. Nilipoondoka kwenda Maganzo nilikuwa naifahamu kuliko ninavyoyafahamu meno yangu.

Maganzo nilifungua kazi ya baiskeli. Wengine walikuja kutafuta almasi. Mimi niliona kwamba kila anayetafuta almasi ana baiskeli, na kila baiskeli ina siku yake ya kupata pancha. Wao wakatafuta mawe, mimi nikatafuta pancha. Nani ana nyumba ya bati leo?

Ndipo nikampenda binti wa mzee mmoja mwenye ng'ombe, njia ya kwenda Shinyanga. Mimi sikuwa na baba, kwa hiyo mjomba wangu alinikusanyia washenga tukaenda. Njiani alinikumbusha mila, akidhani mimi mtu wa machimbo nimeisahau. "Mposaji hasemi," aliniambia. "Wewe utakaa kwenye kigoda, utatazama vidole vya miguu yako. Hata nyoka akipita, sisi ndio tutakaomsema."

Nikakaa, nikatazama vidole. Wazee wakabishana juu ya ng'ombe, wakapandisha, wakashusha, wakacheka, wakanywa pombe. Mambo yalikuwa yameiva kabisa. Mara ngurumo juu: ndege. Watu wote wakainua nyuso. Mzee, baba wa binti, akatikisa kichwa akasema, "Chuma chote kile! Kinakaaje juu?"

Nikasema, "Si chuma, baba. Ni vijiti na kitambaa. Vimeshonwa."

Mjomba alinikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Huyu mwenzenu amesema nini?" mzee akauliza.

"Amekohoa," mjomba akasema.

"Nimesema ni vijiti, baba. Nimelala ndani yake."

"Umelala ndani ya ndege."

"Masika mazima."

Mzee akaweka kata ya pombe chini, taratibu. "Washenga," akasema, "ng'ombe wenu nimewapenda. Kijana wenu ni muongo. Kwanza amesema asipotakiwa kusema, na aliposema, akasema hivi. Binti yangu simpeleki kwa mtu ambaye hata akisema mvua inanyesha itabidi nitoke nje nihakikishe."

Tukarudi. Mjomba hakusema nami mpaka tulipofika mjini, na alipofungua mdomo alisema, "Vijiti!" kisha akaenda zake.

Mwingine angeomba msamaha. Mimi? Niliamua kumwonyesha. Kama mzee haamini maneno, ataamini macho. Nitaitengeneza ndege ileile, mifupa mitupu bila kitambaa, ubavu kwa ubavu, ndogo kiasi cha kumletea mkononi.

Na niliitengeneza. Leo kuna mafundi wenye vyeti ukutani, lakini kazi ile waite wote waje. Urefu wa bawa ulikuwa shubiri moja. Mbavu nilizichonga kwa wembe kutoka ganda la bua la mtama, nyembamba hata ukiinua mmoja juani huuoni, unaona kivuli chake tu. Nguzo za kati ya mabawa zilikuwa miiba. Nyaya za kukingamana nilizifumua kutoka bangili ya shaba. Gundi ni utomvu wa mgunga, kwa ncha ya sindano. Kiti cha rubani nilikisuka. Mbele yake nikaweka kile kijiti cha kuongozea, na uzi kutoka kwenye kijiti mpaka nyuma: ukivuta, mkia unaitika. Magurudumu nilifunga senti moja moja, zile zenye tundu katikati. Kusema kweli yalizidi kidogo, ndege ikawa kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Lakini yalizunguka.

Tatizo lilikuwa upepo. Upepo wa Shinyanga hauna adabu; ulinipeperushia bawa zima la kushoto, kuku wakaligombania. Basi nikawa nafunga mlango na dirisha, nafanya kazi kwa mwanga wa tundu moja la bati. Nilikuwa na kibano cha kutolea miiba, na kioo cha jicho nilichonunua kwa fundi saa wa Kihindi.

Sasa jaribu kufikiri. Maganzo. Mtu amejifungia ndani mchana, ana kibano, ana kioo jichoni, na akigongewa anajibu, "Msifungue, kitaruka!"

Wa kwanza kuja alikuwa binti mwenyewe. Alikuja na baiskeli ya kaka yake. Tairi lilikuwa na mwiba, na mwiba huo aliuchoma yeye.

"Fundi, nizibie pancha," akasema kwa sauti ya kusikiwa na majirani. Kisha kwa sauti ya chini, "Mwambie baba ni chuma."

"Si chuma."

"Najua si chuma. Au ni chuma. Mimi inanihusu nini? Sema chuma, neno moja tu, Jumapili mjomba wako anarudi na washenga, yamekwisha. Kuna mtu mwingine anauliza habari zangu, na huyo hasemi kitu kabisa. Anakaa kama gunia. Baba anampenda."

"Siwezi kusema uongo ili nisiitwe muongo."

Akanitazama, akakitazama kile kioo kikiwa bado jichoni mwangu. "Basi oa ndege," akasema, akaondoka akiisukuma baiskeli. Pancha hata hakuniachia niizibe.

Hapo nikafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Na wa pili kuja alikuwa askari.

"Fungua! Tunajua unachopima humo!"

Nikafungua. Nyuma yake ilisimama nusu ya Maganzo, shingo zimerefuka.

"Almasi iko wapi?"

"Hakuna almasi, afande. Ni ndege."

Akapekua chini ya kitanda, ndani ya sufuria, ndani ya pampu. Mwishowe akainama juu ya meza, uso karibu kabisa, akaitazama.

"Hii ndiyo uliyojifungia nayo?"

"Ndiyo, afande."

"Mtu mzima?"

Mlangoni mama mmoja akasema, "Masikini. Afadhali angekuwa mwizi."

Kulikuwa na vumbi mle ndani baada ya upekuzi. Askari akakunja pua. Nikasema, "Afande, tafadhali, geukia huko," lakini chafya ya serikali haisubiri. Mkia wote ukaenda, na ubavu wa nyuma pamoja nao. Akaomba radhi, kwa kweli alikuwa mtu muungwana, akanisaidia kuokota kwa magoti. Alipofika mlangoni akageuka: "Halafu, fundi, ndege ni chuma."

Nikatengeneza mkia mwingine, bora kuliko wa kwanza. Nikailaza ndege katika kopo la biskuti, nikaizungushia pamba ya shambani, nikampelekea mzee. Safari hii peke yangu, bila mshenga, jambo ambalo nalo ni kosa. Lakini nilikuwa nimeshakosa mengi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kusema nini tena?"

"Sisemi. Tazama."

Akafungua kopo. Akatazama. Akavuta kijiti, mkia ukaitika. Moyo wangu ukapaa. Mzee akafunga kopo.

"Nimeona," akasema. "Ni vijiti."

"Umeona, baba!"

"Umeitengeneza kwa vijiti, kwa hiyo ni vijiti. Mjukuu wangu ametengeneza ng'ombe wa udongo, yuko pale nyuma ya boma. Kesho nikamkamue?"

Ndugu msomaji, nimebishana na wanunuzi wa pamba, nimebishana na trafiki, lakini mzee yule aliwapita wote. Nikasema: "Basi twende Nyarugusu ukaione yenyewe."

Nilidhani atakataa. Kumbe mzee alikuwa na hamu ya safari. Tukapanda lori, tukashuka, tukapanda jingine, yeye mbele kwa dereva na mimi juu ya magunia, kopo nimelikumbatia kama kichanga. Kila lori likisimama aliwaambia watu, "Tunakwenda kuona ndege ya vijiti. Huyu kijana amelala ndani yake." Watu walicheka mpaka dereva akachelewa kuwasha gari.

Tukafika uwanjani. Nyasi. Pale ilipokuwa ndege pana jiko la mafiga, sufuria kubwa ya maharage, na mama mmoja anayewapikia wachimbaji. Kando yake, injini. Injini peke yake, na kuku ametaga chini yake.

Mzee akaiendea, akaigonga kwa fimbo yake. Ngo! Akanitazama. Akagonga tena, kwa ajili yangu. Ngo!

"Vijiti vyako vinalia vizuri," akasema.

Nikamkimbilia yule mama. "Mama, shikamoo. Vilivyokuwa hapa, vile vya mbao, viko wapi?"

"Marahaba. Nimepikia. Kuni nzuri sana zile, kavu, hazina moshi."

"Baba, umesikia? Mbao!"

"Kuni nimesikia," mzee akasema. "Ndege sijasikia. Mama, palikuwa na ndege hapa?"

"Ndege?" Mama akasimamisha mwiko. "Mimi nilidhani ni banda la kuku la Mzungu."

Nikakaa chini, mahali palepale nilipokaa siku ile ya kwanza. Akilini niliwaona washenga wa yule gunia wakiingia nyumbani kwa mzee, na gunia likitazama vidole vyake, kimya.

Mzee aliagiza maharage, nikalipa mimi, yeye akaketi juu ya injini, akala. Alipomaliza akasema, "Lete hilo kopo."

Safari hii aliitoa ndege nje, akaishika kwa vidole vyake vya kushikia jembe, akaigeuza kwenye jua. Ubavu mmoja ukavunjika, tak. Akashtuka kama aliyemkanyaga mtoto. "Nimeiua."

"Haijafa, baba."

Mgunga ulikuwa karibu. Nikabandua utomvu, nikaulainisha kwa mate, nikachana ganda la bua lililokuwa katika kuni za mama. Nikaukunja ubavu mpya ukucha kwa ukucha. Wa kwanza ulipasuka, nikautupa. Wa pili ukapasuka. Wa tatu ukakaa. Nilisahau kama mzee yupo. Nilipoinua kichwa nikamwona ameacha kutafuna kijiti cha meno.

"Mbavu ziko ngapi humo?" akauliza.

"Sijui kwa hesabu, baba. Naujua kila mmoja ulipo."

Akakitupa kijiti cha meno. Kisha: "Sikiliza, kijana. Uongo wako nimeukataa, na nitaukataa mpaka niingie kaburini. Ndege ni chuma, nimekikalia. Lakini binti yangu ana hasira za karibu na maneno ya moto, kama mama yake. Atavunja vitu. Yule mwingine anayemtaka, akivunjiwa atakaa tu akitazama vipande. Wewe unatupa wa kwanza, unatupa wa pili, unakunja wa tatu. Mikono yako nimeikubali. Mlete mjomba wako."

"Ahsante, baba."

"Na ng'ombe jike mmoja wa nyongeza, faini ya uongo."

"Lakini baba, si u..." Nikaona uso wake. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Umeanza kujifunza," akasema, akalifunga kopo, akalitia kwapani mwake.

Hakulirudisha tena. Aliitundika ndege katika nyumba yake, na kila mgeni alionyeshwa: "Hiyo ni ndege ya uongo ya mkwe wangu. Vuta hapo, mkia unaitika." Miaka mingi baadaye, biashara imenikubali, nilipanda ndege mwenyewe kwenda Dar es Salaam. Nikagonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole. Bati. Mke wangu, aliyekuwa kando yangu, akauliza nimegonga nini. Nikamwambia nilikuwa naua mbu.

Watu huniuliza mahari yangu ilikuwa kiasi gani. Hiyo ni siri ya wazee. Lakini gharama ya kusema neno moja nilipotakiwa kunyamaza, hiyo nimeijumlisha, maana kujumlisha najua: ng'ombe wa uongo, malori ya watu wawili kwenda na kurudi, pombe ya washenga mara ya pili, kioo, bangili, na maharage ya mzee. Ilinigharimu shilingi mia moja thelathini na nne na senti hamsini na mbili, na hizo mbili za mwisho ni zile za magurudumu.