Fundi wa Makochi na Keki ya Afande

Wapo watu waliojaliwa matumbo ya kusaga mawe, na yupo fundi mmoja wa makochi, mrefu, mwembamba kama fito, aliyeshindwa na mkate. Hakushindwa na simba wala na mama mkwe. Mkate. Wachache waliowahi kuijua habari hiyo (maana mwenyewe aliificha kama mtu anavyoficha meno ya bandia) walicheka kwanza, kisha wakauliza kama na keki imo.

Imo. Na biskuti zimo, na tambi zimo, na chochote kilichowahi kupeana mkono na unga wa ngano.

Kabla sababu haijajulikana, aliyelaumiwa kwa miaka mingi alikuwa mkewe. Mume alikula kama mashine na haongezeki. Tumbo limejaa upepo, uso umepauka, akirudi kazini anauliza choo kina mtu kabla hajauliza watoto wako wapi. Majirani wakamwambia mke, kwa upole ule wa majirani, "Mwenzetu, si umwongezee mumeo nyama?" Akamwongezea nyama, na mkate wa kusindikizia nyama, na mume akazidi kukonda. Mwishowe akapatikana daktari mwenye subira, akampima damu, akampitishia mpira wenye kamera kooni mpaka kwenye utumbo, akarudi na jibu: siliaki. Ndani ya ngano kuna kitu kinaitwa gluteni. Wengine wanakimeza na kusahau. Mwili wa fundi ukikiona unapandwa na hasira, unaanza kuuchapa utumbo wake wenyewe, kama mtu anayevunja vyombo vyake kumkomoa jirani. Dawa ni moja tu: kuachana na ngano, shayiri na ukoo wao, maisha yote, hata chembe.

"Hata chembe?" aliuliza fundi.

"Hata chembe," alijibu daktari, ambaye alikuwa na sahani ya biskuti mezani.

Nyumbani halikuwa jambo la kuumiza kichwa. Wali upo, mahindi yapo, mihogo, viazi, ndizi, maharage. Mke akanunua kisu kipya na kikaango kipya visivyoguswa na mkate. Kwenye mashine ya kusaga akawa hakubali mahindi yake yamwagwe nyuma ya ngano ya mtu mwingine, mpaka mwenye mashine akampa jina: Mkaguzi. Haikupita muda mrefu fundi akaota mashavu, na majirani walewale wakampongeza mkewe kwa kuwasikiliza habari ya nyama.

Tabu ilikuwa nje. Kazi zake nyingi alizifanyia nyumbani kwa wateja, kwa kuwa makochi makubwa yana tabia ya kuingia nyumba ingali mpya na baadaye kukataa kutoka. Na fundi akiwa kwako atapewa chai, na chai haina mazoea ya kutembea peke yake. Itakuja na mkate, au biskuti, au kile kipande cha keki kilichobaki kwenye sherehe ambacho mwenye nyumba anamtafutia mtu. Sasa fundi alilelewa na mama aliyeamini kwamba ukikataa cha mtu umemkataa mwenyewe. Kwa hiyo alipokea kwa mikono miwili, akasifu, akashukuru, na mwenye nyumba akigeuka tu, kitu kikaingia mfukoni mwa aproni au kwenye sanduku la nyundo. Jioni alikung'uta mifuko mezani na watoto wakashangilia. Mpaka leo yule mdogo anaamini kwamba ufundi wa makochi unalipa kwa biskuti.

"Si uwaambie tu?" mkewe alimuuliza. "Sema tumbo lako na ngano havisalimiani."

"Nianze kutangaza habari za tumbo langu kwa wateja? Mimi fundi, si mgonjwa."

"Haya, fundi. Toa mkate mfukoni basi, unamwaga makombo."

Jambo jingine alilolilinda lilikuwa la kazi. Makochi yake hayakusifiwa kwa urembo. Yalisifiwa kwa ndani. Sponji mpya, mbao kavu, kamba zilizokazwa, kwisha. Akiitwa kufumua kochi la fundi mwingine, aliwakusanya wenye nyumba kama mwalimu wa sayansi anayepasua chura, akachomoa matambara, magazeti, soksi isiyo na mwenzake. "Huyu hakutengeneza kochi," alisema. "Alizika taka." Kazi zote alizipata kwa sifa hiyo moja, kwamba ndani ya kochi lake hamna uchafu. Ukimvua sifa hiyo anabaki mwanamume mrefu mwenye nyundo.

Ndipo akaitwa na Afande.

Afande alikuwa mama wa makamo aliyestaafu jeshi la magereza. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kutafuta vitu ambavyo watu wameficha: kwenye soli za viatu, kwenye nywele, kwenye vitabu vya dini. Alipostaafu alishika mambo mawili, adabu za mtaa na keki ya zabibu kavu. Keki yake iliheshimiwa, hasa kwa uzito. Hakuna aliyeingia nyumba ile akatoka bila kuila, na hakuna aliyewahi kuulizwa kama anaitaka.

Siku ya kwanza fundi alilifumua kochi mbele ya Afande na wanawake wawili, majirani zake. Mmoja alikuwa mshona nguo, mwingine muuza mitumba, na wote walikuja kuazima chumvi wakasahau kuondoka. Fundi akachomoa vipande vya mfuko wa saruji, kisha nusu ya kitana, kisha mguu mzima wa suruali.

"Afande, miaka yote hii umekalia suruali ya mtu."

Vicheko. Muuza mitumba akasema kochi lake nalo linazama upande mmoja, sasa anaogopa kujua limemeza nani. Mshona nguo akasema lake linanuka mvua ikinyesha. Wakaondoka kwenda kuyakagua, na fundi akaona kazi mbili zinamjia zenyewe kwa miguu.

Siku ya pili alikuwa amefikia mkono wa mwisho wa kochi, sponji imekaa, kitambaa bado, Afande alipoleta chai na kipande cha keki cha kumtosha mpagazi. Akaketi mbele yake kumtazama akila. Fundi akanywa chai polepole, akasifu rangi ya keki, akasifu umbo la keki. Mara muuza maji akagonga, Afande akaenda mlangoni.

Mfuko wa aproni ulikuwa umejaa misumari. Sanduku la nyundo lilikuwa kule mlangoni, karibu na miguu ya Afande. Mkono wa kochi ulikuwa hapa, wazi. Kwa muda tu, fundi alijiambia, na hayo ni maneno yaliyojaza magereza mengi. Akaisukuma keki pembeni ya sponji.

"Umemaliza!" alisema Afande, akirudi. "Hivyo ndivyo anavyokula mwanamume. Lete nikusaidie kuvuta kitambaa."

"Hapana, Afande, wewe pumzika."

"Nipumzike nimefanya nini?" Akakishika kitambaa kwa mikono iliyowahi kuvuta vitu vizito zaidi, vingine vikipiga kelele, akakivuta kikanyooka kama ngoma. "Piga, fundi!"

Akapiga. Kila pini iliyoingia kwenye mbao aliisikia kifuani.

Jioni ile mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo umeshona keki."

"Nitarudi kuitoa."

"Utasema umesahau nini humo ndani? Akili?"

Fundi akatafuta kisingizio, akakosa, akatafuta tena. Alipita mbele ya nyumba ya Afande mara kadhaa akitazama mawingu. Kisha simu ikaita.

"Fundi, njoo. Kochi lina wageni."

"Wageni gani, Afande?"

"Wamepanga mstari. Wana nidhamu kuliko wafungwa wangu wote."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamfichua. Hawakufikiria kwamba hata sisimizi wanaiweza kazi hiyo, tena bila haraka. Fundi aliwakuta wametoka dirishani, wamevuka sakafu, wamepanda mguu wa kochi na kupotelea kwenye mkono. Wengine walikuwa wanarudi na mizigo. Majirani wawili walikuwapo, wameketi kwenye viti vya mbao, mbali na kochi.

"Ulituambia humo mna sponji na mbao tu," alisema Afande. "Sisimizi wameanza lini kula sponji?"

"Labda ile suruali imerudi," alisema muuza mitumba.

Fundi akapiga magoti na kung'oa pini. Angeweza kusema ni utomvu wa mbao. Angeweza kumsingizia yule fundi wa zamani, ambaye kwa vyovyote jina lake lilikwisha kuharibika. "Inawezekana," alianza, "fundi aliyenitangulia..."

Afande hakumsubiri. Aliingiza mkono kama alivyoingiza kwenye maelfu ya magodoro, akatoa keki. Ilikuwa imepungua, lakini zabibu bado ziling'aa.

"Fundi wa zamani alikuwa na keki yangu?"

Sisimizi mmoja alipanda kwenye kidole gumba cha Afande, akatazama huku na huku, akashuka.

"Jamani," alisema mshona nguo taratibu, "kumbe kulikuwa na njia, na mimi siku zote naimaliza."

Afande akamtupia jicho, naye akakumbuka kuangalia dari. Kisha Afande akaigeuza keki mkononi, akauliza, na safari hii sauti haikuwa ile ya magereza: "Keki yangu ni mbaya kiasi hicho?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Alikuwa amejiandaa kupoteza kochi, na makochi ya majirani, na jina. Hakujiandaa kumwona Afande akiwa na uso wa mtu aliyevaa vizuri akaambiwa hakualikwa.

"Sijui, Afande. Sijawahi kuionja." Akamwaga yote: tumbo, choo, mpira wenye kamera, chembe.

Afande akavuta kiti. Mahojiano aliyazoea.

"Mkate?"

"Siwezi."

"Biskuti?"

"Siwezi."

"Bia?"

"Ile ya shayiri, siwezi."

"Mlokole bila kutubu," alinong'ona muuza mitumba.

"Na ulinyamaza kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Ukaona heri uchafue kochi langu."

"Ndiyo, Afande," alisema fundi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuyaeleza maisha yake kwa ufupi namna hiyo.

"Fumua lote."

"Lote?"

"Mgongo, kalio, mkono wa pili. Na hawa wanaangalia."

Akafumua. Afande akapapasa kila pembe, akabonyeza kila sponji, akanusa mbao. Alipekua kama mtu anayetaka sana kupata kitu. Hakupata. Akasimama, akajifuta mikono.

"Safi," aliwaambia majirani. "Kosa lake ni moja, na amekiri. Nimeona watu wengi, wanaokiri si wengi." Kisha akamgeukia fundi: "Funga kazi yako," akaingia jikoni.

Muuza mitumba alitafakari. "Basi langu njoo Jumatatu," alisema. "Lakini uje umeshiba."

Kufunga kochi zima si kazi ya mchezo. Fundi alikuwa anamalizia mgongo harufu ilipotoka jikoni, na nyuma ya harufu akatoka Afande na sahani. Juu yake kulikuwa na keki ndogo, nyeupe, iliyopasuka katikati.

"Unga wa mchele," alisema. "Mayai, sukari, mafuta. Ngano haikualikwa. Kula."

Wanawake watatu wakamtazama. Fundi akapokea kwa mikono miwili, akasifu rangi. Akainua kipande, na pale akaona chini yake kuna vumbi jeupe, laini, kama poda ya mtoto. Mfuko wa aproni ulikuwa mtupu kabisa siku hiyo, na ulimwita.

"Afande," alisema, "sufuria uliipaka nini keki isigande?"

"Mafuta. Na unga kidogo."

"Unga upi?"

Afande akageuka kutazama jikoni, ambako mfuko wa ngano ulikuwa bado wazi.

Fundi akairudisha keki kwenye sahani, na sahani akaiweka mezani, katikati, mahali pa kuonwa na kila mtu. "Basi hii siwezi," alisema. "Nisamehe. Naona umehangaika."

Hakuwahi kumwambia mtu neno hilo mbele ya chakula chake, akasubiri paa lianguke. Paa lilibaki lilipo. Afande aliitazama keki, akamtazama fundi, akaitazama keki tena. Kisha akaenda jikoni, akarudi na ndizi.

"Hii sijaipaka kitu."

Fundi akaimenya, akaila yote, bila haraka. Ilikuwa tamu. Alipomaliza akatazama huku na huku, akitafuta pa kuweka ganda, na kabla hajafika hata robo ya kugeuka upande wa kochi, mkono wa Afande ulikuwa umeshanyooshwa mbele yake.

"Ganda nipe mimi."