Mama mwenye alikimbia farasi yangu mpaka Beni

Farasi iliniangusha pale Rughenda, na leo mama mumoja amekuja kunishukuru.

Ni farasi ya mujomba wangu, ya kuchungia ng'ombe.

Pikipiki ilipiga honi nyuma yetu. Farasi ikashtuka, nikaanguka, muguu ukavunjika.

Wiki ile kila mutu alikuwa anaogopa waasi. Batu bakaona farasi inakimbia peke yake barabarani, bakasema waasi bamefika. Wote bakakimbia.

Hakuna mwenye aliniinua. Donc, nilingoja.

Leo plasta imetoka. Nilikuwa najaribu kutembea na fimbo mbele ya nyumba, mama mumoja akanisimamisha.

"Ni wewe ulianguka na farasi?"

Nikamwambia anisamehe.

"Hapana. Siku ile nilipanda camion, nikakimbia mpaka Beni. Ni kule nilimukuta binti yangu. Tulipoteana wakati tulikimbia vita ya Kanyabayonga."

Binti mwenyewe alisimama nyuma yake, na kuku mukononi. Wakanipa ile kuku.

Mama akaangalia muguu wangu kwanza, halafu akasema:

"Ukipona, upande tena. Dada yangu naye alipotea, bado hatujamuona."

Nikamujibu ndiyo, mama.

Nyinyi mungesema nini?