Ndege ya Shemeji

Marcelino Haule alikuwa mchukuzi Kariakoo, bega la punda, ulimi wa wembe. Alitoka Peramiho kutafuta maisha, akayapata kwenye magunia ya mchele. Baadaye akapata kitu kitamu zaidi: shemeji wa kumcheka. Dada yake Blandina aliolewa na Anselmi, fundi wa jeshi la anga aliyekuwa akiitunza ndege mpya ya mizigo.

Ndege yenyewe ilikuwa balaa. Injini zilichemka kama chungu cha maharage kabla haijaacha ardhi, rubani akazizima, askari wakashuka wamelowa jasho. Siku ikikubali kuruka, ilizunguka juu ya Magogoni ikarudi ilikotoka. Halafu mlango wa nyuma ulikuwa na tabia ya kufunguka wenyewe. Ulifunguka juu ya Kigamboni, mabuti ya jeshi yakamwagika kwenye mikorosho. Wiki ile wakulima wa huko walipanda pantoni wanang'aa miguuni, wengine mguu mmoja tu, mpaka askari walipoanza kuwavua mabuti hayo.

Marcelino alimshukuru Mungu kwa riziki hiyo. Kila alipokwenda kula ugali kwa dada yake Magomeni, alimwuliza Anselmi kama kesho ndege itafika Morogoro au itaishia Buguruni. Anselmi alikuwa mtu wa kumeza maneno. Alisema tu kwamba hata mtoto huanguka kabla ya kutembea. Marcelino akajibu kwamba mtoto akianguka hamwagi mabuti.

Watengenezaji wakatuma vitasa vipya na mitambo mikubwa zaidi ya kupoza injini, pamoja na wataalamu wao. Anselmi na wenzake wakafunga, wakajaribu, wakafungua, wakafunga tena. Kazi ilichukua muda mrefu. Kariakoo hakuna aliyejua ilipokwisha, maana ndege inayofika haina umbea.

Mwishoni mwa mwaka 1978 vita vya Kagera vikazuka. Marcelino alikuwa amejiunga na mgambo ili balozi wa nyumba kumi aache kumsumbua. Sasa akaitwa kweli. Alidhani watapanda treni. Lori likawashusha uwanja wa ndege, na chini ya mkia wa ndege aliyoijua kwa sifa zake mbaya alisimama Anselmi, mikono imejaa grisi.

"Shemeji," Marcelino akasema kwa sauti ya chini, "treni hakuna?"

"Ipo. Wewe umepangiwa hii."

"Na ule mlango?"

Anselmi akamtazama, akamwonea huruma. "Naenda nayo. Nitakaa pale pale mlangoni."

Njiani Marcelino aliwaomba watakatifu wote, na wengine aliwatunga mwenyewe. Alitapika ndani ya kofia yake. Mlango haukutikisika. Walitua Mwanza salama, na usalama huo ndio uliomchanganya.

Miezi baadaye, ng'ambo ya mto Kagera, kipande cha bomu kikampasua paja. Wakati huo ndege ile ilikuwa ikipeleka unga na kurudi na majeruhi, ikitua kwenye viwanja vya vumbi ambavyo marubani wa ndege nyingine walivikataa. Marcelino akapakiwa kwenye machela. Akamwuliza mwuguzi ni ndege gani, akajibiwa, akalala usingizi mzito hadi Dar es Salaam.

Mguu ulipona kwa kuchechemea. Magunia yakamshinda, akaanza kuuza machungwa Mchafukoge. Radhi hakuomba, ulimi wake haukuumbwa hivyo. Ila Jumapili moja alifika Magomeni na jogoo kwapani. Anselmi akauliza ni wa nini.

"Wa kuliwa," Marcelino akasema.

Blandina akampika. Sahani ilipowekwa mkekani, Marcelino akachokoa mchuzi kwa vidole, akaipata firigisi, akaiweka mbele ya shemeji yake bila kumtazama. Kisha akachukua mapaja yote mawili akala yeye.